Usiliite otomatiki: wiki tatu na gari lenye klachi isiyo na pedali

Dada yangu alinunua gari dogo la bei nafuu, na mwezi haukuisha akaanza kulichukia. Lalamiko lake lilikuwa moja, na alilirudia kila tulipoongea: "Gari hili lina kigugumizi. Linaondoka vizuri, linasita, kisha linanisukuma." Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili akasema mauntingi za injini, yaani vishikizo vyake, zimechoka, zikabadilishwa, kigugumizi kikabaki palepale. Siku aliponiambia ameamua kuliuza, nilimwomba aniachie funguo kwa wiki tatu.

Jina la gari silitaji. Lina ndugu wengi wanaofanana nalo: injini ya lita moja yenye silinda tatu, milango mitano, gia tano za mbele, pedali mbili. Ninachotaka kukizungumzia ni kile kilichokaa kati ya injini na magurudumu, na hicho ni cha ukoo mzima.

Nilipokaa nyuma ya usukani niliangalia kwanza mkono wa gia. Kuna R ya kurudi nyuma, kuna N ya kukaa bila gia, kuna D ya kwenda mbele, na pembeni alama ya kujumlisha na ya kutoa. P, ile ya kuegesha, hakuna. Aliyezoea otomatiki anaweza kulipuuza pengo hilo, lakini ndilo linalosema gari hili ni la aina gani. Kwenye otomatiki, P ni kijino cha chuma kinachoingia kwenye meno ya gurudumu moja ndani ya giaboksi na kulifunga lisizunguke. Hapa kijino hicho hakipo, kwa sababu giaboksi iliyo chini ni ileile ya gari la gia za mkono, manyuali kamili, na klachi yake, ile inayoiunganisha injini na giaboksi au kuitenga nayo, ni sahani moja kavu, sawa na ya magari ambayo wengi wetu tulijifunzia udereva. Hakuna kilichoondolewa isipokuwa pedali. Juu ya giaboksi pamefungwa mtambo mdogo wa haidroliki, yaani unaosukuma kwa shinikizo la kimiminika, wenye pampu ya umeme, na kompyuta huuamuru: kata klachi, toa gia ya kwanza, ingiza ya pili, achia klachi.

Otomatiki tuliyoizoea haifanyi hivyo. Ndani yake injini huzungusha oili, oili ikazungusha giaboksi, na gia hubadilishwa huku nguvu ikiendelea kufika kwenye magurudumu. Katika gari la dada yangu nguvu hukatika kila gia inapobadilishwa, kama inavyokatika unapokanyaga klachi wewe mwenyewe. Gari huvuta pumzi kati ya gia na gia. Kigugumizi chote alichokuwa akikilalamikia kiko hapo, na plagi mpya isingeweza kukigusa.

Siku ya kwanza sikulipenda. Nililiendesha nilivyoendesha otomatiki nyingine: breki, D, mguu kwenye mafuta, tulia. Likaondoka polepole, injini ikapanda, kisha katikati ya kuongeza mwendo likanyamaza. Vichwa vyetu vikainama mbele kidogo, mimi na rafiki niliyekuwa naye. Gia ya pili ikaingia, vichwa vikarudi nyuma. Ya tatu ikaja na adabu zaidi, ya nne na ya tano sikuzisikia. Nilipofika kwenye foleni, ambako gari hucheza kati ya ya kwanza na ya pili muda wote, nilimwelewa dada yangu kabisa. Inachosha shingo, na inamfanya dereva aonekane hajui kuendesha.

Siku ya tatu nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilijiuliza: gari la gia za mkono mbona halinitikisi hivi? Klachi ni hiyohiyo, gia ni hizohizo. Nikakumbuka kwamba kwenye gari lile, kila ninapobadilisha gia, mguu wangu wa kulia hunyanyuka kutoka kwenye mafuta. Hunyanyuka wenyewe. Hakuna dereva wa manyuali anayebadilisha gia huku amekandamiza mafuta hadi chini, na miaka ikipita mtu husahau kwamba anafanya hivyo. Katika gari la pedali mbili nilikuwa nimeuacha mguu palepale. Kompyuta hupunguza nguvu za injini ili ikate klachi, nami nazidai. Ikiachia klachi, nguvu nilizozidai zinaingia kwa pamoja. Hapo ndipo ule msukumo unapotoka.

Basi nikaanza kusikiliza. Injini ya silinda tatu ina sauti yake, mngurumo mzito wenye mwendo wa kuchechemea kidogo, na baada ya saa chache unaijua sauti inayotangulia gia ya pili. Ikifika hapo, legeza mguu. Usiuondoe wote, upunguze kama unavyopunguza sauti mtu anapoanza kuongea. Gia inaingia. Kanyaga tena taratibu. Kichwa hakiinami. Nilirudia mara kumi, ishirini, barabara ileile, na kila nilipoulegeza mguu kwa wakati wake gia ilipita kama maji. Nilipochelewa kidogo kigugumizi kilirudi, kwa hiyo sikuwa na shaka tena kinatoka wapi.

Njia ya pili ni kusogeza mkono wa gia kwenye alama za kujumlisha na kutoa na kubadilisha mwenyewe. Hapo huhitaji kukisia, kwa kuwa wewe ndiye uliyeamua. Nilishangaa jinsi nilivyoipenda. Kwenye mteremko mrefu unaweka gia ya pili na gari linakaa humo, injini ikilizuia bila breki kupata moto. Otomatiki nyingi za bei nafuu, hasa zile za mkanda, hazinipi uhakika wa namna hiyo.

Hizo za mkanda zinastahili maneno machache, kwa sababu ndizo mbadala mkuu katika magari ya daraja hili. Hazina gia za kuhesabu. Zina puli mbili zinazopanuka na kubana, na mkanda kati yake, hivyo uwiano hubadilika bila hatua na bila nguvu kukatika. Kampuni ya DAF ya Uholanzi iliuza gari dogo la namna hiyo, DAF 600, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa mikanda ya mpira. Na kwa kuwa mtambo wake haukuwa na gia ya pekee ya kurudi nyuma yenye mwendo mdogo kuliko wa mbele, liliweza kurudi nyuma kwa kasi ileile linaloendea mbele. Za leo zina mkanda wa chuma na ni laini mno kwenye foleni. Mimi zinanichosha barabarani: ukikanyaga, injini inapiga kelele moja isiyopanda wala kushuka, na gari linakuja baadaye. Ni suala la ladha, na anayeshinda kwenye foleni kila siku atachagua tofauti na mimi kwa haki kabisa.

Nirudi kwenye klachi isiyo na pedali, kwa sababu kuna mahali ambapo haihitaji ladha bali tahadhari.

Kwanza ni kulipita gari lingine. Uko nyuma ya lori, mbele kumefunguka, unakandamiza mafuta hadi chini ukiwa kwenye D. Kompyuta inaelewa, inashusha kutoka gia ya tano hadi ya tatu. Lakini ili ishushe lazima ikate nguvu kwanza, na umeshatoka upande wako wa barabara. Ni muda mfupi. Ukiwa sambamba na gurudumu la lori hauonekani mfupi. Injini ya lita moja haina akiba ya nguvu ya kufidia muda huo. Tangu mara ya kwanza iliyonitokea sijalipita gari lolote nikiwa kwenye D. Nashusha gia mwenyewe nikiwa bado nyuma ya lori, nangoja klachi ishike, ndipo natoka. Jambo hili lingepaswa kusemwa kwa kila mnunuzi kabla hajapewa funguo, na linaniudhi sana kwamba halisemwi.

Pili ni mlima. Magari ya zamani ya mfumo huu, ukiachia breki yalikaa tu, kama manyuali iliyo kwenye klachi. Mapya mengi yamefundishwa kutambaa: ukiachia breki kwenye tambarare, kompyuta inaishikisha klachi nusu na gari linasogea lenyewe. Madereva wakiona linatambaa huamini ni otomatiki halisi, na kwenye mwinuko wanalishikilia kwa mafuta, mguu ukichezacheza ili lisirudi nyuma. Otomatiki ya oili huvumilia kiasi. Hapa sahani ya klachi inasuguana na inapata moto, na harufu yake aliyewahi kuisikia haisahau. Kwenye mwinuko tumia breki ya mguu, au vuta breki ya mkono, kanyaga mafuta, klachi ikishika achia. Ni kama tulivyofundishwa na mwalimu wa udereva kwenye gari la pedali tatu, neno kwa neno.

Kurudi nyuma kwenye mwinuko ili kuegesha ndicho kitu ambacho sikukizoea hata siku ya mwisho. Kwenye manyuali mguu wa kushoto hupima klachi kwa nywele, sentimita kwa sentimita. Kompyuta haioni ukuta ulio nyuma yangu. Inajua tu nimekanyaga kiasi gani, na inaachia klachi kwa kipimo chake: ama gari halitoki, ama linatoka zaidi ya nilivyotaka. Hapa natamani pedali yangu, wala sina cha kuutetea mfumo huu.

Kuegesha kwenyewe ni rahisi mtu akishaambiwa. Unazima injini gia ikiwa imeingia, kisha unavuta breki ya mkono, kama manyuali. Dada yangu alikuwa akiliacha kwenye N kwa sababu aliona ndiyo iliyo karibu zaidi na P. Kwa hiyo kila usiku gari lake lilishikiliwa na waya wa breki ya mkono peke yake.

Asili ya mfumo huu imenifanya niutazame kwa heshima. Tarehe 26 Machi 1989 Nigel Mansell alishinda mbio za Formula 1 za Brazili akiendesha Ferrari 640, na hilo lilikuwa gari la kwanza lenye giaboksi ya nusu otomatiki kushinda mbio za daraja hilo. Mhandisi John Barnard alitaka kuuondoa mkono wa gia kwenye chumba cha dereva ili gari liwe jembamba na dereva asiuachie usukani. Gia zikabadilishwa kwa vidude viwili nyuma ya usukani, na haidroliki ikafanya kazi ya mkono. Elektroniki zake zilihusisha kampuni ya Magneti Marelli ya Italia. Mwaka 1997 Ferrari iliupeleka mfumo wa namna hiyo kwenye gari la barabarani, F355. Mwaka 2014 Suzuki, kupitia kampuni yake ya India, Maruti Suzuki, iliutoa kwenye Celerio, gari la familia la bei nafuu lenye injini ya lita moja, na vifaa vyake vilitoka Magneti Marelli hiyohiyo. Kutoka gari la Mansell hadi gari la kupelekea watoto shule ni miaka 25. Na gari la mbio nalo lilikata nguvu kila gia ilipobadilishwa. Tofauti ni kwamba lilikata kwa muda mfupi mno, kwa vifaa vya gharama kubwa ambavyo havikutakiwa kudumu zaidi ya mbio chache. Gari la familia linabadilisha polepole ili klachi idumu.

Celerio ile inaonyesha pia kwa nini watengenezaji wa magari ya bei nafuu waliupenda mfumo huu. Huhitaji kuunda giaboksi mpya. Unachukua ile unayoitengeneza tayari, unaufunga mtambo juu yake. Na kwa kuwa ndani ni gia zilezile zinazogusana chuma kwa chuma, hakuna nguvu inayopotea kwenye oili. Katika vipimo rasmi vya India vya wakati huo, Celerio ya manyuali na ile isiyo na pedali ya klachi ziliandikwa ulaji uleule wa mafuta, kilomita 23.1 kwa lita. Hadi hapo, mtu aliyetaka kupumzisha mguu wa kushoto alilipia zaidi siku ya kununua, kisha akalipia tena kila alipojaza tangi. Kwa mtu wa kipato cha kawaida hilo ni badiliko kubwa, na sikubaliani na wanaoucheka mfumo huu bila kulitaja.

Ninachougombea ni jina. Gari hili huuzwa kama otomatiki. Linaandikwa otomatiki kwenye matangazo, linaitwa otomatiki na muuzaji, mnunuzi analipanda akitarajia otomatiki, na kuanzia hapo kila kitu linachofanya kinaonekana ni ubovu. Mtu aliyejifunza manyuali angelizoea kwa siku mbili, kwa sababu mguu wake unajua kulegea na masikio yake yanajua kungoja gia. Lakini huyo mara nyingi hulinunua la pedali tatu, lenye bei ndogo zaidi. La pedali mbili hununuliwa na yule ambaye hakuwahi kukanyaga klachi maishani, na huyo ndiye ambaye hana pa kuanzia kulielewa. Limewekwa mikononi mwa dereva asiye wake, na neno moja kwenye tangazo ndilo lililomweka humo.

Watu wa zamani walikuwa wawazi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Volkswagen iliuza Beetle ambayo haikuwa na pedali ya klachi: ukigusa mkono wa gia, swichi ndani yake iliamuru klachi ikatike, ukabadilisha, ukaachia. Waliiita Automatic Stickshift, jina linalobeba otomatiki na gia za mkono kwa pamoja. Aliyelisoma alijua kuna kazi iliyobaki kwake.

Sisi tungeweza kuliita gari la klachi ya kompyuta. Au la gia za mkono zisizo na klachi ya mguu. Lolote litakalomwambia mnunuzi kwamba ndani kuna klachi, na klachi huisha.

Maana huisha kweli, na anayelinunua likiwa limetumika aliangalie hilo kabla ya rangi na redio. Liendeshe likiwa limepoa na likiwa limepata moto. Lisimamishe kwenye mwinuko, uondoke mara kadhaa; likitetemeka kwa nguvu au injini ikipanda bila gari kusogea, sahani iko ukingoni. Liweke N, D, R, mara nyingi mfululizo, usikie kama gia inaingia bila kusita na bila taa kuwaka kwenye dashibodi. Uliza pia kama klachi imewahi kubadilishwa, na kama aliyeibadilisha aliunganisha kifaa cha kompyuta baada ya kazi. Klachi mpya ina unene wake, na kompyuta lazima ifundishwe upya mahali inapoanzia kushika. Fundi asiye na kifaa hicho anaweza kuifunga vizuri kabisa na gari likatoka na kigugumizi kibaya kuliko mwanzo. Na chunga betri. Ikifa gari likiwa kwenye gia, huwezi kuitoa gia kwa kusogeza mkono tu, kwa sababu mkono ule haujaungana na giaboksi kwa chuma. Unatuma ombi kwa umeme, na umeme haupo. Kulisukuma inakuwa taabu.

Mengine ya gari hili ni ya kawaida. Viti vyembamba, usukani mwepesi, kelele za matairi, nafasi ya nyuma inayotosha watu wazima wawili. Linapita penye upenyo mdogo na linageuka mahali padogo. Sikulichoka.

Siku ya kulirudisha nilimketisha dada yangu kwenye usukani, mimi pembeni. Nikamwambia asiniangalie mimi, asikilize injini, na nikisema "legeza" alegeze mguu. Tuliondoka. Nilisema "legeza" kwenye gia ya pili na ya tatu, kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kituo cha nne nilinyamaza, na gia ikaingia bila kichwa cha yeyote kutikisika. Akaendesha kimya kwa muda, kisha akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia siku aliyolinunua. Gari hajaliuza. Kwenye mwinuko wa kuingilia nyumbani kwake anavuta breki ya mkono kila mara, na usiku analiacha kwenye gia.